Heri Kunyimwa

Sandukujibu lilisimama langoni mwa soko, jeupe, pana kama kabati la bibi harusi. Raia alilisogelea, akauliza lolote la Serikali, na kabla hajamaliza kupiga chafya jibu lilikuwa limeshatoka. Likikataa, sheria ililibana litaje sababu. Mafundi walilitengeneza lisijue kudanganya, kosa ambalo wakubwa waliligundua baada ya kulizindua kwa ngoma.

Mwanamke mmoja, Sikudhani, alilifuata alipomaliza eda. Mumewe, Mbaruku, alikuwa mchimbaji huko kwenye machimbo ya Mwezini. Handaki liliporomoka, Serikali ikatangaza wote wamekufa, bendera ikashushwa nusu mlingoti. Mama wa watu alitaka sauti ya mwisho ya mumewe tu, aisikilize.

"Ombi limekataliwa," sanduku lilisema kwa adabu. "Hiyo ni siri binafsi ya mhusika."

"Maiti naye ana siri?" aliuliza Mwanahawa, wifi yake, aliyemsindikiza.

"Marehemu hana. Siri hii humlinda mtu aliye hai."

Mwanahawa alikaa chini palepale, juu ya maganda ya machungwa. Akasema, "Kaka yangu huyu, hata kufa kachelewa."

Walimwendea afisa wa sanduku, Bwana Semboja, mtu wa jasho jingi. Kwanza alisema chombo kina homa. Walipogoma kutoka ofisini, alinong'ona kwamba huko chini kuna chumba cha dharura chenye hewa, ila kuwafukua watu ni kusimamisha machimbo, na machimbo ndiyo yanayoilisha nchi. Kisha akawaomba wasimtaje.

Waliomba roketi ya uokozi kila mlango. Huku wakaambiwa usalama wa taifa, kule wakaambiwa siri za biashara. Basi Sikudhani akabaki na sanduku lake. Kila asubuhi aliuliza swali lilelile, akanyimwa, akarudi nyumbani kapitia kwa muuza pweza, uso umechanua. Wake wa wachimbaji wengine waliposikia, wakapanga foleni nyuma yake. Aliyenyimwa alipigiwa vigelegele. Mpita njia angedhani wanagawiwa viwanja.

Siku moja alifika kajitanda kanga mpya, akauliza kama kawaida.

"Hongera," lilisema sanduku, kwa ile furaha liliyofundishwa na mafundi. "Ombi lako limekubaliwa."

Mwanahawa alimshika mkono wifi yake, naye akauchomoa.

"Ninyime," alisema Sikudhani.

"Hakuna tena sababu ya kisheria ya kukunyima, mama."

"Tafuta. Wewe hukosi sababu. Usalama wa taifa je? Ninyime, baba, nirudi kesho."

Sanduku lilitafuta kwa uaminifu, maana ndivyo lilivyoumbwa, na halikupata. Alipoliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, sauti ya Mbaruku ilikuwa imeshaanza kutoka, imekauka, inauliza kama kuna mtu anayemsikia.