Sauti Iliyofutwa

Maiti ya Éphraïm ilikutwa asubuhi katika chumba chake cha kupanga, nyuma ya soko la mji wa Rumonge, kando ya ziwa. Aliyeikuta, mwenzake Espoir, alikuwa tayari amefungwa kamba na askari wa kambi ya jeshi. Inspekta Amuri alipofika alitazama kamba ile kwanza, akashusha pumzi. Vita hivi vilikuwa vimemchosha mpaka basi. Huko milimani watu walikufa kila siku na hakuna aliyemwita. Leo ameitwa kwa mtu mmoja, na shahidi wake wanataka kumpokonya.

"Huyu anakwenda na sisi," kapteni wa askari hao alisema. "Tazama nyaya hizi. Wanawatengenezea waasi mitambo."

"Niachie mpaka gari lako lirudi kutoka Minago."

"Likirudi tu, namchukua."

Waliopandishwa gari lile hawakuonekana tena, na Espoir alilijua hilo.

Inspekta akapiga magoti. Jeraha lilikuwa kisogoni, na damu iliyoganda ilikuwa kwenye pembe ya meza ya chuma. Amesukumwa, akajisemea. Lakini marehemu hakuachwa alipoangukia. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, macho yamefumbwa, taya limefungwa kitambaa hadi utosini, vidole gumba vya miguu vimeunganishwa kwa uzi.

Loo! Amuri alikuwa Mwislamu wa hapa hapa mjini, hakuhitaji kuelezwa. Uso ule ulielekezwa kibla, kama Waislamu wanavyomlaza maiti wao.

"Marehemu alikuwa wa dini gani?"

"Mupentekoste kama mimi, afande. Tumetoka wote Uvira."

"Ulimgusa?"

"Hapana! Niliogopa. Nilimukuta hivyo hivyo."

"Unajua kwa nini amefungwa taya?"

"Nilifikiri waliomuua walimufunga asipige kelele."

Amuri akamwamini. Mtu hawezi kufanya kwa ustadi namna ile jambo ambalo hata halijui.

"Na nyaya hizi?"

"Ni za programu, afande. Éphraïm alikuwa anaiandika mwaka muzima. Inatoa faili kwenye kompyuta, inaipitisha kwenye waya, inaiingiza kwenye gemu ya mkononi, ile ya watoto kuchezea. Halafu inairudisha. Barabarani askari wanafungua barua, redio wanavunja. Gemu wanaicheka tu, wanakuachia. Basi tunarekodi sauti za watu wa hapa, gemu inavuka ziwa mpaka kwa ndugu zao wakimbizi, inarudi na sauti zao."

"Gemu yenyewe iko wapi?"

"Haiko. Imepotea."

"Mwislamu gani alikuwa anaingia humu?"

"Muzee Hadji tu, fundi cherehani. Kila siku anakuja kusikiliza sauti ya bibi yake wa ndoa, Kulthumu. Alikufia kule kambi ya wakimbizi. Ile sauti ndiyo ilibakia."

Amuri akatoka bila kuaga. Mzee Hadji ndiye aliyemshonea kanzu yake ya harusi. Njia nzima alitamani awe amekosea.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani mbele ya cherehani, hashoni.

"Asalaam alekum, mzee."

"Alekum salaam, mwanangu. Heri umekuja wewe."

"Gemu iko wapi?"

Hadji akaitoa mfukoni. "Nimebonyeza kila mahali. Haisemi."

"Ulimsukuma kwa nini?"

"Nilimwambia aniwekee sauti ya Kulthumu wangu. Akasema, mzee, gemu imejaa, najaribu programu mpya, sauti ile nimeifuta. Nimeifuta! Kama mtu anayefuta meza! Mke wangu sikumzika, Amuri. Hata kaburi lake silijui. Mkono ukaenda wenyewe."

"Akasema nini tena?"

"Alisema, 'Subiri, mzee.' Sikusubiri."

"Ukamlaza kibla."

"Ningemwachaje mdomo wazi? Mtoto wa watu! Tangu vita vianze nimeosha maiti wangapi? Mikono imezoea."

"Espoir anapelekwa kambini kwa askari kwa ajili yako."

Mzee aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Yule kijana? Hana hatia! Twende, Amuri, twende upesi!"

Gari lilikuwa likinguruma mlangoni kwa marehemu, na Espoir ameshakanyaga ngazi yake. Hadji akakiri kwa sauti mbele ya askari wote: yeye ndiye aliyeua, kwa hasira, kwa ajili ya sauti iliyofutwa ya marehemu mkewe, wala hakusubiri alipoambiwa asubiri. Kapteni akaguna. Mauaji ya namna hiyo hayakumhusu. Akaamuru kamba ifunguliwe, akaondoka zake.

Amuri akamtia mzee pingu. Espoir akaingia chumbani, akaunganisha kompyuta na betri ya gari iliyokuwa chini ya meza.

"Unafanya nini?" Amuri aliuliza, akiingia na mzee.

"Programu ya Éphraïm haifuti kitu kwenye gemu mpaka kwanza imerudisha nakala huku kwenye kompyuta. Aliiandika hivyo makusudi, watu wasipoteze sauti zao. Ndiyo alitaka kumuambia muzee."

Akabonyeza. Pakasikika mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamke, imechoka lakini ina utani ndani yake:

"Baba Ismaili, amahoro, salama? Mimi niko muzima. Umekula lakini? Nakujua wewe, ukishika cherehani unasahau tumbo."

Hadji akaanguka magotini. "Sijala, mama Ismaili," akajibu, machozi yakimtiririka. "Sijala." Halafu akainua mikono yenye pingu. "Irudie, mwanangu. Mara moja tu, nakuomba."

Espoir alimtazama mzee, akamtazama mwenzake aliyelala pale chini. Kisha akachomoa waya.

Amuri hakumlaumu.