Kila Simu na Chumba Chake

Ukumbi wa zahanati ulifurika, kila mtu kashika simu yake akingoja ilie. Ndivyo programu ilivyofanya kazi: zamu yako ikifika, simu inalia, unaingia kwa daktari. Binti aliyeiandika alikuwa amesimama karibu na mlango, gauni la njano, nywele kazibana juu, akiitazama kazi yake kwa fahari isiyofichika.

"Programu gani hii ya kipuuzi?" sauti ya kiume ikapasua ukumbi. "Mama yangu yuko hapa tangu asubuhi, waliokuja nyuma yake wameshakwenda zao!"

Binti akamfikia mbiombio. "Unaitukana programu yangu, kaka?"

"Ni yako? Afadhali umejileta."

Alikuwa mrefu, shati la bluu kakunja mikono, mdomo umenuna lakini macho yanacheka. Akamwonyesha simu ya mama yake, ya bei rahisi, kioo kina ufa. "Simu za aina hii zinabana chaji mpaka zinalaza kila kitu. Programu yako imelala usingizi wa pono."

"Nimeiandika kwa simu zote."

"Basi hii si simu, ni kitana."

Mama mtu akacheka, na binti naye akashindwa kujizuia. Kumbe kijana alikuwa mwandishi wa programu kama yeye, ila hana ajira. Walikaa benchi moja, kijana akachomeka mistari michache kwenye programu: ikiwa simu ni ya aina hii, iamshe kila baada ya dakika moja. Ikalia. Bosi wa binti alimwajiri kijana wiki ileile. Ofisini wakambandika jina la Kiraka, kwa vile vimistari vyake vya kuziba mapengo, naye akamwita binti Bibi Usafi, maana doa dogo tu kwenye kazi yake lilimkosesha raha.

Mapenzi hayakuomba ruhusa.

"Umekula, laazizi?" Kiraka akampigia simu.

"Nimekula. Na leo umepachika kiraka kingine, nimekiona."

"Unanichunguza?"

"Nakusoma mstari kwa mstari, mpenzi. Huna pa kujificha."

Lakini viraka vilizidi. Aina hii hapa, aina ile kule, ukigusa mstari mmoja mitatu inaanguka, na zahanati nyingine nazo zilikuwa zinaitaka programu. Kiraka alipomsindikiza mama yake msibani, Bibi Usafi akakunja mikono ya nguo, akaingia kazini. Akaandika njia moja ya kuamsha simu zote, akavifuta viraka vyote. Alijaribu kwenye simu za ofisini, zote mpya, zote zikalia. Akaipeleka zahanati huku akiimba.

Siku iliyofuata wenye simu kuukuu walikaa ukumbini mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna aliyeitwa.

"Umevifuta bila kuniuliza?" Kiraka aliwaka kwenye simu.

"Vilikuwa vinaichafua kazi. Na ningekuulizaje uko msibani?"

"Kwa hiyo wale watu ni uchafu?"

"Sikusema hivyo!"

"Umetenda, inatosha." Akakata. Kazini hakurudi, na kila alipopigiwa hakupokea. Bibi Usafi alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Bosi ndiye aliyekuja na furaha zake. "Iache hivyohivyo, imekuwa nyepesi kuiuza kwa zahanati nyingine. Mwenye simu kuukuu akanunue mpya."

Hapo damu ikamchemka Bibi Usafi. Alitaka programu moja iwahudumie wote, na sasa huyu anataka kuigeuza mlango wa kuwafungia watu nje! Akabeba kompyuta yake, akaenda kwa kina Kiraka bila kualikwa. Mama akamfungulia, akamkumbatia, akaingia zake jikoni.

"Nimekosa," alimwambia Kiraka hata kabla hajakaa. "Sikujaribu kwenye simu kama ya mama. Lakini na wewe umekosa. Umetapanya viraka kila kona, nani angejua kipi kinamlinda nani?"

Kiraka akajikuna kichwa. "Vingine hata mimi sivikumbuki."

"Basi sikiliza. Kazi kuu ibaki moja, safi. Yenyewe iseme tu, amsha simu. Namna ya kuamsha, kila aina ya simu iwe na chumba chake pembeni. Ikija aina mpya tunajenga chumba, hatubomoi nyumba."

"Na viraka vyangu?"

"Vinahamia vyumbani. Kwa heshima zote."

Safari hii waliazima simu kuukuu mtaa mzima, wakajaribu moja baada ya nyingine. Daktari mkuu wa zahanati alipoijaribu na wagonjwa wake, akasema hataki nyingine. Bosi aliposikia, akampigia simu Bibi Usafi, aliyekuwa sebuleni kwa kina Kiraka.

"Nani kakutuma? Nilisema simu kuukuu zitoke!"

"Hazitoki, bosi. Nikizitoa hizo, najitoa na mimi."

"Basi usirudi tena hapa!"

"Sawa."

Kiraka akamgeukia. "Umefukuzwa kwa ajili yangu?"

"Usijipe ukubwa. Nimefukuzwa kwa ajili ya watu wa ukumbini. Kwako nina jambo jingine."

"Jambo gani?"

"Nioe."

"Sina kazi. Sasa na wewe huna!"

"Nimekuuliza habari za kazi?"

Kiraka akamtazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akamshika mikono yote miwili. "Nakuoa, hata kesho. Mama! Njoo umsalimie mkweo!"

"Nilishamsalimia mlangoni siku ile aliyokuja," mama akajibu kutoka jikoni. "Uliyekuwa hujui ni wewe."