Taa Nyekundu Ndani ya Gari la Mjomba

Kila siku baada ya masomo, binti wa fundi alipitia karakana ya mama yake, akavua sare, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguu, akaanza kupanga spana kwa ukubwa. Ndiyo maana mafundi wote walimwita Spana. Mama yake alikuwa fundi wa umeme wa magari, na msichana huyo wa miaka kumi na mitatu alikuwa amejifunza mengi kando ya boneti kuliko watu wazima wengi wanaojifanya wajuzi wa magari.

Na kwa kujifanya, hakuna aliyemfikia mjomba wake.

Mjomba alikuwa amenunua gari la haibridi, lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Tangu siku hiyo watu hawakupumua. Alikuwa akiingia karakana polepole, bila mlio, akasimama nyuma ya mtu na kuangua kicheko mtu aliporuka kwa hofu.

"Mmesikia kitu? Hamkusikia! Nimebonyeza kitufe cha umeme. Hili langu halinywi mafuta, linayaonja tu!"

Spana alibinua midomo. Debe tupu hilo, alijisemea. Alijua kwamba betri ya gari lile ni ndogo, na kwamba huchajiwa na injini yenyewe, na kidogo wakati wa kufunga breki. Kwa umeme peke yake lingekwenda kilomita moja hivi, tena mahali tambarare. Siku moja alijaribu kumweleza.

"Mjomba, huo umeme unatokana na petroli..."

"Wewe mtoto wa juzi utanifundisha gari langu?" mjomba alimkatiza mbele ya mafundi wote. "Kafute spana zako!"

Watu wakacheka. Spana aliinama, akafuta spana moja mpaka ikang'aa. Kuanzia hapo alimdharau mjomba wake mzimamzima: ile miwani ya jua aliyoivaa hata siku ya mawingu, ile tai ndefu, na jinsi alivyoupapasa usukani kama anayebembeleza paka.

Likizo ilipofika, mjomba alitakiwa kumpeleka mama yake, bibi yake Spana, kwa daktari wa macho. Jicho moja la bibi lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Daktari huyo alifika hospitali mara moja kila miezi mitatu, na daftari la wagonjwa lilifungwa saa sita kamili. Spana alikwenda nao ili amshike bibi mkono.

Akiwa kiti cha nyuma, Spana alichungulia mbele. Taa nyekundu ya mafuta ilikuwa inawaka. Kituo cha petroli kilikuwa kinakuja upande wa kushoto. Akafungua mdomo, akakumbuka kile kicheko cha karakana, akaufunga. Acha limzimikie, aliwaza. Nione atauficha wapi uso wake.

Kituo kikapita.

"Mama, unausikia ukimya huu?" mjomba alijigamba. "Tunakwenda bure!"

"Nausikia, mwanangu," bibi alijibu. "Mradi tufike."

Hawakufika. Katikati ya mlima, gari lilitetemeka, likaunguruma kwa unyonge, likasimama. Mjomba alibonyeza kitufe chake mara moja, mara mbili, mara tano, jasho likimtiririka.

"Limechoka kuonja?" Spana aliuliza, akionja utamu wa kila neno.

Lakini bibi alikuwa ameshafungua mlango. "Saa ngapi sasa?"

"Tano na nusu, Mama."

"Basi nitatembea. Sikungoja miezi mitatu ili nikae humu."

Hakwenda mbali. Hatua ya ishirini hivi, jicho lake bovu halikuuona ukingo wa barabara. Alianguka kwa magoti na viganja, damu ikachuruzika. Spana aliruka nje ya gari. Alimkimbilia, akamwinua, kisha akaomba simu ya mjomba na kumpigia mama yake.

"Mama, petroli imetuishia mlimani. Bibi ameanguka." Akavitazama viganja vya bibi. "Niliiona taa kabla ya kituo. Nikanyamaza makusudi."

Mama alikata simu palepale. Alikuja na pikipiki ya karakana, dumu la petroli mgongoni, akalimimina kwenye tangi. Saa sita kasoro dakika tatu, muuguzi aliandika jina la bibi mstari wa mwisho wa daftari.

Walipokuwa wakingoja nje, mjomba alikohoa. "Gari hili nadhani lina hitilafu..."

"Gari ni zima, kaka," mama alisema. "Hitilafu imevaa tai."

Kwa mara ya kwanza mjomba alivua miwani. Alimwomba bibi radhi alipotoka, viganja vimefungwa bandeji, mkononi ameshika karatasi yenye tarehe ya upasuaji. Spana naye alipiga magoti. "Nisamehe, Bibi."

Bibi aliketi kati yao.

"Wewe mwanangu hukujua, ukajivuna. Wewe mjukuu wangu ulijua, ukanyamaza ili upate kumcheka. Magoti yangu hayakuona tofauti kati yenu." Akamgeukia Spana. "Ujuzi si mtego wa kumtegea mpumbavu, kwa sababu mpumbavu haanguki peke yake. Ukijua, sema. Wakikucheka, sema tena."