Sauti ya Chemchemi ya Nekesa

Kila asubuhi Nangila alibeba mtungi hadi mtoni. Alirudi amechoka na mwenye hasira. Chini ya shamba lao, karibu na Kimilili, kulikuwa na chemchemi. Sasa palibaki tope, na mikaratusi ya mumewe, Wakoli.

Mama mkwe wake, Nekesa, alikuwa amekataza. "Mkuyu wa chemchemi haukatwi," alimwambia mwanawe.

Wakoli alicheka. "Hayo ni ya kizamani, mama. Mikaratusi iko na soko, bana." Akaukata mkuyu, akapanda mikaratusi hadi kwenye maji.

Nekesa alipougua, aliomba maji ya chemchemi yake. Ilikuwa imekauka, Wakoli akamletea ya mtoni. Mzee wa watu alionja, akageukia ukuta. Wiki hiyo akafariki.

Baadaye Fridah, binti wa jirani, aliwaita Wakoli na Nangila mjini Kitale. Kazi yake ni kurekodi sauti za misitu na mito. Aliwahi kurekodi chemchemi yao mkuyu ukiwapo. Aliwaketisha ukumbini gizani, spika pande zote.

"Fungeni macho," alisema.

Maji yakabubujika nyuma yao. Vyura wakalia. Wanawake wakaimba wakisafisha chemchemi, kama walivyozoea kabla ya msimu wa kupanda. Nekesa akasikika karibu kabisa: "Acheni nyasi za ukingoni, zinashika udongo!" Nangila akaanza kulia.

Kisha nyimbo zikakoma. Ndege wakanyamaza. Vyura wakapungua, wakaisha. Ukabaki upepo kwenye majani makavu.

"Hapa ni wapi?" Wakoli aliuliza.

Fridah akamjibu: "Ni kwenu, Baba Hesbon, miaka ijayo. Nimebuni tu vile patasikika. Mvua inazidi kubadilika, na mkaratusi unakunywa maji mengi. Haufai karibu na chemchemi."

"Sasa tufanye nini?"

"Kateni yote iliyo karibu na maji. Ng'oeni visiki, maana vinachipua tena. Pandeni mikuyu na miti mingine ya kienyeji. Na msilime ukingoni."

"Ndivyo mama alikuwa anasema," Wakoli alinong'ona.

"Si alisema!" Nangila akafoka. "Na wewe ukamcheka!"

Waliporudi, Wakoli alikata mikaratusi. Visiki vilimtoa jasho. Nangila na majirani walipanda miche, wakaacha nyasi ziote. Misimu ilipita. Maji yakaanza kutoka tena, kidogo kidogo, kisha ya kujaza mtungi. Nangila akaacha kwenda mtoni.

Siku moja Fridah alikuja na kinasa sauti. "Tulieni," alisema. Chura mmoja akalia. Wakoli akatabasamu kama mtu aliyesamehewa.

Nangila alichota kikombe kimoja, akampa.

"Mpelekee mama yako," alisema.

Wakoli alipokea. Akabaki amesimama, kikombe mkononi, hajui aelekee wapi.