Koti Lisilo na Kola

Nilikijua kitu, nikasema kinyume chake, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Kosa hilo nimeliungama kwa padri, na sasa naliungama kwako, kisha ndipo nikueleze yaliyoipata nyumba ya Mbuke.

Mimi naitwa Thobias. Mwaka 1952 nilikuwa katekista Geita, karibu na kambi ya mgodi wa dhahabu. Wakati wa vita vya Hitla nilikuwa keya, katika jeshi la Mwingereza, nikafika mpaka Burma, na niliporudi watu wakaniita Sajini. Sikuwasahihisha. Kule nilikuwa mpishi. Bunduki niliishika siku za mafunzo tu, baada ya hapo nikashika mwiko.

Mbuke alikuwa mjane aliyekaa na mwanawe Donatus, mchimbaji wa chini mgodini, pamoja na mkwewe Limi. Limi alijifungua mtoto wa kiume, na yule mtoto akalia. Alilia siku nane, hata sauti ikawa kama mlango mbovu. Kwetu Usukumani mtoto wa namna hiyo hutafutiwa jina, maana huenda mmoja wa masamva, wale wazee waliotangulia, anadai lake. Mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli, akamwambia Mbuke kwamba anayedai ni baba yake mwenyewe, Bujiku. Ila akaongeza neno: mtu aliyekwenda vitani haitwi kwa jina peke yake, huitwa na kwa kazi aliyoifanya huko. Ukiikosea kazi yake, umemwita mwingine.

Hapo Mbuke alikwama. Baba yake alirudi kutoka vita vya Mdachi, akafa kwa ile homa kubwa yeye Mbuke akiwa bado anabebwa mgongoni. Alichoachiwa ni picha moja tu, iliyopigwa Tabora, ambayo mama yake aliiviringisha katika ngozi ya mbuzi.

Wakaniletea hiyo picha uwanjani pao, siku ya Jumapili, watu wamejaa.

"Sajini, wewe umevuka bahari," Mbuke akasema. "Hebu mtazame baba yangu. Huyu ni askari wa nani?"

"Akishindwa Sajini tumuulize mbuzi," akasema Januari, fundi baiskeli, na watu wakacheka.

Nikaitazama. Mtu mrefu amesimama, mikono kando. Kofia ya kitambaa, ndefu kama kopo, mbele haina kitu. Wazee walikwisha kuniambia kwamba askari wa Mdachi alikuwa na tai kwenye kofia. Hapa tai hapakuwa. Koti halikuwa na kola. Mikono ya koti iliishia shubiri nzima juu ya viganja, kama kwamba lilishonewa mtu mfupi. Na chini ya bega la kushoto palikuwa na tundu lililoshonwa kwa uzi mnene, msalaba msalaba, na kulizunguka lile tundu kulikuwa na weusi ambao hata picha haikuweza kuuficha.

Niliyaona yote hayo. Mungu ananijua, niliyaona.

"Askari wa Mdachi," nikasema. "Na koti ni lake. La kupewa kwa haki, kwa kazi yake."

Mbuke akaanguka magotini pangu akilia. "Maisha yangu yote wananicheka kwamba baba alikuwa mbeba mizigo!"

Ningesema nini tena baada ya hapo?

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, akamwaga pombe ya mtama kizingitini, akaiweka picha kifuani pa mtoto, akaita: "Bujiku, askari, wewe uliyevaa koti hili siku ya vita, wewe uliyevuja damu ndani yake, njoo. Jina lako hili hapa." Mimi, mwalimu wa dini, nilikuwa nimesimama kando ya ghala, nikijifanya natazama mihogo.

Mtoto akanyamaza papo hapo. Wakachinja kuku, nikala paja.

Kwa mwezi mzima nyumba ilikuwa na amani. Halafu Limi akaona kigoda. Kila siku king'ora cha mgodi kilipolia saa sita mchana, Donatus akiwa chini ya ardhi na Mbuke shambani, kigoda alichokiacha karibu na jiko alikikuta pembeni ya kitanda cha mtoto, kimeelekezwa magharibi. Alidhani ni mama mkwe. Mama mkwe alidhani ni yeye. Hakuna aliyeuliza, maana walikuwa wamegombana kidogo juu ya chumvi.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa kiangazi, hata mbwa walikuwa wanalala kisimani wakitafuta ubaridi, lakini ndani ya chumba kile palinuka blanketi lililoloa mvua, na chini ya harufu hiyo kama moshi wa baruti. Limi akafua kila kitambaa. Harufu ikabaki.

Na mtoto, alipoitwa Bujiku, hakugeuka. Aligeukia kigoda.

"Mayu," Limi akamwambia mama mkwe siku moja, sauti chini, "mtoto hanyonyi mchana."

"Joto hilo."

"Si joto. Anasikiliza."

"Anasikiliza nini?"

Siku ya pili Mbuke hakwenda shambani. Walikaa wote wawili chumbani, mtoto katikati, mlango wazi na jua jeupe limejaa uwanjani, na king'ora kilipolia na kunyamaza wakasikia nyayo zisizo na viatu zikipita juu ya udongo wa sakafu, taratibu, za mtu aliyechoka sana, zikaja mpaka kwenye kigoda, na kigoda kikalia kama kinavyolia kikikaliwa, na harufu ya blanketi ikawa nzito hata wakaziba pua, kisha katika ule ukimya wa mchana ambapo hata kuku wamelala kivulini ikatoka sauti ya kijana, si ya mzee, ikisema maneno machache ambayo hayakuwa Kisukuma wala Kiswahili, ikangoja kama mtu angojeavyo jibu, ikayasema tena, ikangoja, ikayasema tena, yale yale, mpaka kivuli cha nyumba kilipofika kinuni.

Haikuwa na hasira. Limi aliniambia hilo ndilo lililomtisha zaidi. Ilikuwa sauti ya mtu anayebisha hodi mahali asipojua.

Wiki ya tatu mtoto alikuwa mifupa na macho. Donatus akanijia akiwa bado na vumbi la mgodi kwenye nyusi. "Mwalimu, mwanangu anakwisha. Huyu babu tuliyemwita ametupenda namna gani?"

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikapanda baiskeli ya Januari mpaka Masumbwe kumtafuta Sikujua, mzee muuza ugoro ambaye wakati wa vita ile ya kwanza alibeba mizigo ya Wabelgiji, akajifunza na lugha ya askari wao. Nilimkuta anasaga tumbaku na kuwatukana wateja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama unataka wa kukopa, rudi ulikotoka."

Nikampa picha. Akaisogeza machoni, akaacha kusaga.

"Koti lisilo na kola," akasema. "Hawa ni wale askari wa Wabelgiji waliotoka Kongo. Walipita hapa hapa mwaka wa njaa. Lakini huyu mrefu hivi si wa Kongo, ninyi Wasukuma nawajua kwa magoti. Huyu alivaa nguo ya maiti." Akagusa lile tundu kwa ukucha. "Mwenyewe yuko hapa."

Nikamwomba aje. Alikuja akiwa nyuma ya baiskeli, akilalamika njia nzima juu ya makalio yake. Tulifika Geita kesho yake, kabla ya saa sita. King'ora kikalia. Nyayo zikaja. Sauti ikasema maneno yake, na yule mzee mwenye matusi nikamwona anavua kofia.

"Anasema nini?" Mbuke akanong'ona.

"Anasema: mmeniita, nimekuja. Niambieni jina langu."

"Ana maana gani?"

"Amelisahau, mama. Hakuna aliyelitaja tangu siku ile. Ninyi ndio watu wa kwanza kumwita, na mlimwita kwa koti na kwa damu. Anamngoja mtoto aanze kusema, ndiye amwambie."

Hapo nikapiga magoti. Nikawaambia yote: tai isiyokuwapo, mikono mifupi, tundu, na jinsi nilivyoyaona nikaogopa kuchekwa. Nikawaambia hata ule mwiko. Limi akaanza kulia. Donatus akatoka nje.

"Ungesema tu hujui," Mbuke akasema. "Mimi ningekupa kuku vile vile."

Kisha akamgeukia Sikujua. "Mwambie hivi. Mwambie baba yangu alikuwa mbeba mizigo, alimkuta amekufa, au hajafa vizuri, akamvua, akaenda kupiga picha ili aonekane mtu. Mwambie mimi binti yake naomba radhi. Jina lake hatulijui. Amwache mtoto."

Sikujua akasema. Kigoda hakikulia. Sauti ikarudia maneno yale yale, na mtoto akainua mkono kuelekea pembeni, mkono mwembamba kama kijiti cha kibiriti.

"Haendi," Sikujua akasema. "Aende wapi?"

Nikasema, "Mwambie aje kwangu. Mtoto huyu halijui jina lake yeye, na hatalipata. Mimi nitalitafuta."

"Mwalimu, neno hilo halirudishwi."

"Mwambie."

Akasema. Kigoda kikalia, kama mtu anayeinuka. Harufu ikapita usoni pangu, ya maji na ya moshi. Na mtoto akalia kilio cha njaa, cha kawaida, kilio kizuri, na Limi akamtia ziwa mdomoni hata kabla hajakaa. Mbuke akamwaga maji kizingitini akaita upya: "Bujiku, mbeba mizigo." Mtoto huyo leo ni mkubwa, anachunga ndama.

Mimi nilitoka pale na picha mfukoni. Nilikuwa na nyayo zangu mbili, na nyuma yangu zilikuwa nyingine mbili.

Ni miaka sita sasa. Ukatekista nimeuacha, nilimweleza padri sababu, hakunizuia. Nilihamia Kolandoto, kisha hapa Shinyanga mjini, karibu na stesheni. Sina mke, na watu hawapendi kukaa ndani mwangu mchana, wanasema panatota. Saa sita ikifika anakaa. Nikiwa kwenye rozari hunisubiri nimalize, halafu huuliza. Sikujua alinifundisha maneno mawili kabla hajafa, nami namjibu kila siku: ngoja, natafuta. Hungoja kidogo. Kisha huuliza tena.

Nimeuliza wauza samaki, nimeuliza mapadri wanaokwenda ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nimeuliza matingo wa treni ya Kigoma. Sasa nakuuliza wewe. Ukifika Kongo, au ukikutana na mtu wa huko, mwulize kama kwao kulikuwa na kijana, si mrefu, aliyechukuliwa na Wabelgiji kwenda vitani asirudi. Niletee jina lake tu.