Chupa za Hodi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba, nilijivua nguo mbele ya ukoo mzima kwa mdomo wangu mwenyewe.

Chupa zangu mbili za pombe kali zilikuwa mezani kwa Togbi Amenuvor, baba mdogo wa mpenzi wangu Enyonam, hapa Aflao, Ghana, mpakani na Togo. Nilikuwa nimekuja kubisha hodi, kumposa. Kilichobaki ni binti mwenyewe aitwe, aulizwe kama zipokelewe.

"Binti yuko wapi?" Togbi akauliza.

"Alikuwa hapa hapa," akajibu shangazi mtu, Tasi Dzigbodi. "Mpigie, Efo Selorm. Si ndiye mwenye haraka?"

Watu wakacheka. Nikapiga, nikafungua spika ili wote wasikie sauti yake. Akajibu yule mwanamke wa mtandao wa Togo, kwa Kifaransa chake: mteja hapatikani.

Damu ikanichemka. Sauti hiyo hiyo ndiyo iliyonijibu siku marehemu mke wangu Akosiwa alipokata roho kwao Lomé, mimi niko upande huu nabonyeza simu kama mwehu. Nilimzika bila kuagana naye.

"Yuko Lomé," nikasema.

"Akafanye nini Lomé na wageni wapo hapa?" Togbi akashangaa.

"Muulizeni Koffi, mume wake wa zamani aliyeko huko!"

Kaka yangu, niliyekuja naye, akanivuta shati. "Selorm, shusha sauti."

"Sishushi! Sichezewi na malaya wa mpakani mimi!"

Nikazibeba chupa zangu. Bibi mmoja akashika kichwa. Chupa za hodi hazichukuliwi tena, labda uwe unasema binti hafai.

Mlango wa jiko, kule nyuma ya ua, ukafunguka. Enyonam akatoka, mikono imeganda unga wa akple, ugali wetu, simu kwapani.

"Nilikuwa nyuma ya ukuta huu, Efo. Nakupikia. Nimesikia yote."

"Lakini simu..."

Tasi akapiga makofi. "Ewe mzaliwa wa Aflao! Hujui jiko hili linatazama mnara wa Togo? Simu zetu zinashika mtandao wa kule, zinavuka mpaka bila pasipoti!"

"Redio ilisema hayo yamekwisha!" nikafoka. "Wakubwa wa nchi mbili wametia saini, ukivuka usivuke unapatikana! Wamepigwa picha hotelini, wamekula, wameshiba, mitambo hawajaiunganisha! Wao ndio..."

"Wakubwa ndio waliokuambia mimi malaya?" Enyonam akauliza taratibu.

Nikatoka na chupa zangu mkononi.

Jioni nikamwandikia: "Enyonam, nisamehe. Ile sauti ilinitia wazimu."

Akajibu: "Koffi ana mke na watoto, tena tunasalimiana vizuri. Wewe una simu. Ishi nayo."

Nikamtuma kaka azirudishe chupa kwa Togbi. Akarudi nazo.

"Mzee anasema chupa hizi zimechoka kutembea. Na mimi miguu yangu imechoka, mdogo wangu. Safari nyingine nenda mwenyewe na mdomo wako."

Sokoni wauza samaki wakiniona wanabana pua, wanaigiza Kifaransa: "Mteja hapatikani!" Kisha wanacheka hadi wanashikana mabega. Nanunua samaki wangu nikitazama chini.

Krismasi ilipokaribia, hatimaye mitambo ikaunganishwa. Nikampigia. Ikaita.

"Haloo?"

"Enyonam! Uko wapi?"

Akacheka kicheko kikavu.

"Muda wote huu, neno lako la kwanza ni hilo?"

"Samahani, sikukusudia..."

"Niko jikoni. Nasikika vizuri, sivyo? Tasi anasema nikurudie, ati mwanaume aliyefiwa ana majeraha. Na mimi nakupenda bado, sitakudanganya. Ila nina swali, Selorm."

Hakuniita Efo, kaka, kama alivyozoea.

Aliniuliza, akasubiri, akakata. Chupa ziko chini ya kitanda changu. Kila nikishika simu nimjibu, aibu inanifunga ulimi, maana simu sasa ni nzima na sina tena wa kumsingizia. Aliniuliza hivi:

"Siku simu ikikataa tena, nitakuwa nani kwako?"