Ngobyi ya Yaya Adelaïde

Asubuhi ya safari, kule Muheto, Masisi, Adelaïde alimfunga mdogo wake Olga ngobyi mgongoni, ile ngozi ya kondoo iliyobeba watoto wote wa ukoo. Akamweka Élie, mtoto wa Olga, ndani, akakaza fundo kwa mikono yake mwenyewe, kisha akasema, "Muende muzuri, mwote watatu."

Olga alicheka. "Yaya, watatu na nani?"

"Na Yesu," Adelaïde alijibu, akageuza uso.

Na nani angemshuku dada wa tumbo moja, aliyekulea tangu mama yenu afariki? Olga alikuwa na jambo moja tu kichwani: kumfikisha Élie Kampala akiwa mzima, kwa baba yake Jean-Luc, ambaye alikuwa hajawahi kumwona huyo mtoto wa miaka miwili.

Mpakani, upande wetu, ajenti aliangalia paspoti, akaangalia mgongo wa Olga, akaangalia paspoti tena.

"Mama, huyu mwingine karatasi yake iko wapi?"

"Mwingine gani? Mutoto iko moja tu!"

Ajenti alipangusa macho, akagonga muhuri haraka haraka na kuwafukuza kwa mkono.

Ndani ya bisi kulinuka maziwa yaliyochacha. Élie alijisogeza pembeni ya mapaja ya mama yake. "Mama, umupe ziwa," alisema. "Iko na njaa." Olga akafikiri ni usingizi, akamnyonyesha, akasinzia kidogo, na alipofumbua macho jua lilikuwa bado linawaka dirishani, Élie amelala mdomo umefungwa, shavu limegeukia kioo, na bado kulikuwa na kinywa kidogo, baridi kama maji ya mtoni, kikivuta ziwa lake taratibu, kikipumzika, kikivuta tena.

Alipiga kelele. Abiria wakamwambia anyamaze, anatisha watoto.

Baada ya wiki moja Kampala, suruali ya Élie ilikuwa inaanguka yenyewe. Alikataa kula. Jean-Luc alimwita Mama Nyiransengimana, mwanamke wa maombi, mtu wa Masisi kama wao. Mama huyo alinusa ngobyi na kuitupa chini.

"Nani alikufunga hii kintu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Umupigie simu sasa hivi."

Adelaïde hakungoja hata kuulizwa.

"Ni Gisubizo, mutoto wangu," alisema. "Ule mwaka tulikimbia vita ya kule Ntoto, alikufa humo mgongoni. Sikujua, Olga. Nilitembea siku muzima nikimuimbia. Tangu pale hataki kushuka. Alishamaliza wawili wenye nilizaa nyuma yake. Nikawaza, akivuka mupaka atapotea."

"Yaya! Na Élie wangu?"

Adelaïde akajibu polepole: "Huku watoto wenye walibakia wanalala muzuri sasa." Akakata simu.

Olga aliketi chini sakafuni. Hata hasira haikumjia mara moja. Alikumbuka tu vidole vya dada yake vikikaza lile fundo, na jinsi yeye, mjinga wa watu, alivyosema aksanti.

Mama Nyiransengimana aliichoma ngobyi uani huku akiomba. Ndani ya moshi kitu kilikohoa mara tatu, kama mtoto mwenye kifua, kikanyamaza. Jioni ile Élie aliomba bugali na sombe, akamaliza sahani, akaomba nyingine. Jean-Luc alimrusha juu akiimba nyimbo za kanisani. Haya, imekwisha, walisema wote.

Asubuhi yake Olga alitoka nje na beseni la nguo. Élie alikuwa akitembea uani peke yake, mgongo umeinama, mikono ameifungia nyuma, hatua moja moja, akivuma wimbo wa kubembeleza ambao Adelaïde alikuwa akiuimba zamani.

"Élie! Unafanya nini?"

Mtoto aliinua uso. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Ngozi ilishaungua, mama," alisema. "Sasa ni mimi namubeba."